Droo Iliyozibwa kwa Pamba

Nimechoka siku hizi, ndugu yangu, na ninakuambia mapema ili usitegemee maneno matamu tangu mwanzo. Si uchovu wa ugonjwa. Ni ule wa kuamka umeshachoka, ukakoroga uji wa mtu, ukamwogesha, ukamgeuza, ukaenda shuleni kupaza sauti mbele ya watoto wa watu, kisha ukarudi kuanza pale pale ulipoachia. Mama yangu ninaye hapa Igoma tangu alipopata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vimelala, ila ulimi ni ule ule, na macho ni yale yale yanayoona vumbi ambalo mimi silioni.

Alipohamia kwangu alikubali kuviacha vitu vyake karibu vyote kule Igogo, hata kuku wake. Kimoja tu alikataa kukiacha: kabati la droo tatu lililokuwa chumbani kwake, zito, jeusi kwa uzee, lenye mguu mmoja uliopandishwa kwa kipande cha ndala. Vijana walilishusha kwenye mawe ya mlima wa Igogo huku wakitukana kwa Kisukuma, wakidhani sielewi. Likawekwa kando ya kitanda chake, na tangu hapo mama akawa analala akilitazama.

Droo mbili za juu hazina neno. Ya chini ndiyo yenye maneno. Kitako chake kilianza kushuka zamani, kikafanya tumbo katikati, ukiivuta inakwaruza, ukiisukuma inagoma. Mama akaniambia niitengeneze, nikasema nitaitengeneza. Fundi mmoja wa hapa barabarani alikuja akaitazama, akasema kabati lenyewe limeshapitwa na wakati, ninunue jipya. Nikamshukuru, tena kwa moyo wote, maana alinipa sababu ya kuahirisha. Ukweli wenyewe ni kwamba huwezi kutengeneza droo bila kutoa vilivyomo, na vilivyomo nilikuwa navijua. Mle ndani kuna nguo za safari za mama. Si safari ya Dar. Ni nguo alizozichagua mwenyewe na kuzikunja mwenyewe, avishwe siku ile tutakayomlaza kaburini. Na juu yake imekaa pasi ya mkaa, chuma kitupu, ile yenye jogoo kwenye kifuniko.

Mimi sikutaka kuziona. Mama alitaka nizione, tena kabla hajafumba macho. Ndivyo tulivyokaa, yeye akikumbusha na mimi nikiitikia, mpaka Jumamosi moja asubuhi nilipokuwa nafagia chumba chake na kitako kikaachia chenyewe. Pasi ikapiga sakafu, na vikombe vikalia jikoni. Mama hakugeuza hata shingo.

"Sasa utazitoa," akasema.

Nikakaa chini pale pale na ufagio wangu. Ningeweza kulia, lakini badala yake kicheko kilinitoka, kwa sababu nilimkumbuka bibi na siku aliyokwenda msibani kwake mwenyewe.

Hapo lazima nikupeleke Igogo kwanza. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya mawe, yale mawe makubwa ambayo wageni huyapiga picha na sisi tulianikia udaga wa muhogo juu yake. Nyumba zilipandana mlimani, ua wa jirani ukiwa usawa wa paa letu, na sisi tukiwa usawa wa paa la mwingine. Ukitaka kumwaga maji ulipiga kelele kwanza, usije ukamwogesha mtu aliyekaa zake chini anachambua mboga. Siri haikuwepo. Aliyeunguza maharage alijulikana kabla hajaepua chungu. Asubuhi ulianza kusikia harufu ya vitumbua vya jirani wa juu, kisha moshi wa kuni, kisha upepo ukigeuka, dagaa wa ufukweni wakapanda mlima mzima bila kualikwa. Jioni ilikuwa furu wa kukaanga. Wewe unawakumbuka furu? Samaki wadogo wenye miba mingi, tuliowadharau kwa sababu walikuwa wengi, tukawatupia paka. Leo nikiwataja darasani watoto wananitazama tu.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi kule Kirumba. Alirudi jioni na maranda kwenye nywele, mikono inanuka mafuta, akavua viatu mlangoni na kuuliza kama kuna chai. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kati ya hayo machache moja lilirudi kila siku: chombo changu hakivuji. Bibi, yaani mama yake, hakumwacha hata mara moja lipite hivi hivi. Alikuwa akinyoosha kidole juu, kwenye bati letu lenye matundu ya misumari, akamwambia ni kweli, chombo hakivuji, kinachovuja ni kichwa cha mama yako anapolala. Baba alicheka, akaahidi kupanda juu ya paa Jumamosi. Jumamosi ikifika kulikuwa na mtumbwi wa mtu.

Kabati tulilinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Bibi aliichagua droo ya chini kwa sababu aliifikia akiwa amekaa mkekani. Akaweka humo nguo zake za safari: gauni jeupe lenye kola, kitenge cha zambarau, kilemba, na soksi nene. Soksi zilitushangaza sisi watoto. Tulipomuuliza alisema miguu yake ndiyo huanza kupata baridi kabla ya mwili wote, haoni kwa nini siku hiyo iwe tofauti. Juu ya nguo akaweka pasi. Alijua watu wanavyohangaika mtu akishakata roho, mmoja anakimbilia huku kuazima, mwingine kule, na marehemu anasubiri na kola yenye makunyanzi. Pasi yake haitatafutwa, alisema, ipo.

Na ilikuwa ndiyo pasi ya nyumba nzima. Jumapili jioni tuliitoa, tukapakia mkaa, tukaitikisa upande huu na huu mpaka majivu yapepee, tukanyoosha sare zetu za shule juu ya blanketi. Harufu ile ya nguo mbichi ikikutana na chuma cha moto bado inanijia nikipita kwa dobi. Kisha ilipoe kabisa, ifutwe, irudishwe droo ya chini juu ya gauni la bibi. Ole wako uiache mezani. Bibi angekuuliza kama unataka azikwe na makunyanzi, na hakuna jibu la swali hilo.

Jambo ambalo nataka ulishike ni hili. Akina mama wa jumuiya ya kanisani walipokuja kusali kwetu, sala ikiisha na chai ikiisha, bibi aliivuta droo yake na kuwaonyesha. Aliwaonyesha kama mtu anavyoonyesha mtoto mchanga. Wakalishika gauni, wakageuza kola, mmoja akasema kilemba kifungwe mbele, mwingine akasema hapana, nyuma, wakabishana na kucheka. Hakuna aliyenuna. Ndiyo ilikuwa desturi ya wazee wa pale, kila mmoja alizijua za mwenzake, ili siku yake ikifika asivishwe na mikono inayobahatisha. Bibi alizikunja upya na kuwaambia lile lile la siku zote, kwamba wakiziona zimetoka wajue na yeye ametoka.

Sasa pasi ile na ubao mwembamba wa droo havikupatana. Kitako kikashuka. Mama alimwomba baba atafute seremala wa nyumba, na hapo akawa amemgusa pabaya. Baba aliwadharau sana maseremala wa nyumba. Alisema wanatengeneza vitu vya kukaa tu, visivyojua maana ya wimbi. Akaichukua droo, akaipindua uani kama mtumbwi uliopinduliwa ufukweni, akaizunguka mara kadhaa na mikono nyuma.

Alichofanya, ni fundi wa mitumbwi peke yake angekifanya. Alileta kipande cha mvule kilichobaki kwenye mtumbwi wa mteja, unene wake kama mkate. Akakikata, akakigongelea. Kisha akachukua pamba, akaiviringisha nyembamba, akailoweka mafuta na kuanza kuishindilia kwenye kila mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mlima mzima ulisikia. Alipomaliza akapaka lami kwa nje, akatuita wote, akamimina maji ndani ya droo na kutuambia tusubiri. Tukasubiri. Halikutoka hata tone. Sijui kama nilimwona tena na uso ule, hata siku nilipofaulu kwenda sekondari.

Bibi aliyatazama yale maji yaliyotulia mle ndani. Akamuuliza mwanawe taratibu kama safari yake yeye itakuwa ya majini.

Droo ikarudishwa. Haikuingia yote, kwa sababu ya unene wa ule ubao. Ilibaki imechomoza kiasi cha kiganja, na kila aliyepita gizani aliachia ngozi ya mguu hapo. Baba akasema itazoea. Kweli kila mtu alizoea, tukajifunza kuikwepa, na nguo za bibi zikakaa humo na pasi yake juu.

Ikaja mvua kubwa Jumapili moja tukiwa kanisani. Bati lilivuja kama kawaida, lakini siku hiyo lilivuja pale pale juu ya kabati, na maji yakateremka ukutani na kuingia kwenye kile kiganja cha droo kilichokuwa wazi. Droo ya mtu mwingine yeyote ingeyaachia maji yakatoka chini, nguo zikalowa kidogo tu. Ya baba haikuachia. Bibi aliporudi aliingiza mkono kutafuta leso, akautoa unachuruzika. Gauni, kitenge, kilemba na soksi vilikuwa vinaogelea, na pasi imezama katikati na jogoo wake. Baba hakusema chombo chake hakivuji. Alitoka nje akaenda kuangalia kuni.

Kesho yake asubuhi mama alizifua, akazianika uani kwenye kamba, kisha akaenda sokoni. Baba alikuwa kazini Kirumba. Bibi alikaa nyuma ya nyumba anamenya karanga. Mimi nilikuwa mlangoni nachezea kokoto, na ndiyo maana niliona yote.

Jirani wa juu, yule wa vitumbua, alitoka uani kwake na karai lake na kutazama chini. Akaliona gauni jeupe lenye kola. Akakiona kitenge cha zambarau. Karai likamtoka mkononi, na yowe alilolipiga bado nalisikia. Akina mama wakaitikia nyumba kwa nyumba, juu na chini, bila mtu kuuliza, kwa sababu nguo zilikuwa zimeshasema. Kabla sijasimama sawasawa walikuwa wanateremka kwenye mawe, mmoja na unga, mwingine na kuni kichwani, mwingine na ndoo ya maji, wanalia kweli, machozi kabisa, vilemba vimefunguka. Mmoja alinikumbatia kwa nguvu akaniita yatima wa bibi. Nami nikalia. Sikujua kwa nini, lakini nikalia.

Bibi, kule nyuma, alisikia kilio. Alifanya anachofanya mtu mzima anaposikia kilio jirani: aliweka karanga pembeni, akafunga kanga kiunoni, akaanza kulia naye huku anakuja. Akajitokeza kwenye kona ya nyumba, mikono kichwani, anauliza ni nani jamani, ni nani ametutoka. Jirani wa vitumbua aligeuka, akamwona, akakaa chini kwenye tope kama gunia. Ulisikika upepo tu na zile nguo zikipepea.

Bibi akaitazama kamba. Akawatazama wao, na kuni, na unga, na ndoo. Akaelewa. Nilidhani atakasirika, au ataogopa, maana watu wengi wangeona ni mkosi. Yeye akafungua kanga kiunoni, akajifuta machozi aliyokuwa amemlilia marehemu asiyemjua.

"Haya, mmeshakuja," akasema. "Aliyekuja kulia haondoki bila kula."

Wakakaa. Moto ukawashwa kwa kuni zao wenyewe. Kulikuwa na matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga alizokuwa anamenya, na baadaye furu, na chai nyingi. Kicheko kilianza kwa mmoja kuficha uso na kilemba, kisha kikawashika wote, mpaka jirani wa vitumbua akaomba aache kuchekeshwa, kifua kinamuuma. Bibi akawapitia mmoja mmoja akisifu vilio vyao. Huyu alilia vizuri. Yule alianza juu mno, siku yenyewe asije akaishiwa sauti. Mmoja ambaye hakuonekana kabisa alitajwa kwa jina, na jioni ile ile alikuja na sahani ya ndizi kuomba radhi.

Katikati ya chai baba akatokea. Mtu alikuwa amepeleka habari Kirumba, na yeye alikuwa amekuja mbio njia nzima, maranda kichwani, shati wazi. Alimkuta mama yake ameshika birika. Alisimama pale kwenye jiwe la kuingilia, mdomo wazi. Kisha akakaa juu ya jiwe na kulia mbele ya wanawake wote wale. Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya hapo. Wanawake waliinamisha macho kwenye vikombe vyao.

Bibi alimwendea, akamshika kichwa, akaanza kumtoa maranda kwenye nywele moja moja.

"Lia sasa, ulie ushibe," akamwambia. "Siku yenyewe utakuwa na kazi ya jeneza."

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, alimwagiza aitoe ile droo. Baba aliupiga randa ule ubao wa mvule mpaka ukawa mwembamba na droo ikaingia yote. Kisha bibi akamwambia aitoboe matundu chini, maji yakiingia yapate pa kutokea. Jamani. Kumwambia fundi wa mitumbwi atoboe kitako cha kitu alichokiziba mwenyewe! Alitoboa akiwa na uso wa mtu anayeng'olewa jino. Matundu madogo, yamepangwa vizuri, maana hata kuharibu aliharibu kwa ustadi.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipoondoka kweli, aliondoka mchana, baada ya chakula, na jirani wa vitumbua ndiye aliyeivuta droo. Hakuna aliyeuliza kitu kiko wapi. Pasi ikapakiwa mkaa, kola ikanyooshwa, kilemba kikafungwa mbele kama walivyokuwa wamekubaliana mwishowe, soksi zikavaliwa. Baba alikuwa uani na msumeno. Hakulia, kwa sababu alikuwa na kazi ya jeneza.

Droo ikawa ya mama. Baba naye alifuata, jirani wa vitumbua akafuata, wale wengine wakahamia kwa watoto wao au wakaenda wanakokwenda wote. Nyumba za Igogo zikapokea wapangaji wapya ambao wana haraka zao. Mama akaendelea kukunja nguo zake mle ndani bila mtu wa kuzibishania kilemba.

Kwa hiyo Jumamosi ile, nilipomaliza kucheka, nilizitoa. Sikuzitazama. Nilizibeba kifuani zote kwa pamoja nikiwa nimegeuza uso pembeni, kama mtu anayebeba moto. Zilikuwa na kutu ya pasi na unga wa mbao zilizoliwa na wadudu. Nikasema nitazikung'uta na kuziweka kitandani kwangu mpaka droo iwe tayari. Mama akasema hapana, zianikwe. Nikamwambia mama, watu wataonaje, nguo kama hizi hadharani.

"Watu gani?" akauliza.

Nikazianika, uso bado nimeugeuza pembeni. Kamba yetu iko uani ndani ya ukuta, na ukuta una vipande vya chupa juu. Upande wa pili kuna ghorofa, na kwenye roshani dada mmoja alikuwa anaanika zake, simu imebanwa begani. Alitazama chini, akaziona nguo za mama, akaendelea na mazungumzo. Simlaumu hata kidogo. Kwake yeye ni gauni la krimu, kitenge cha kijani, kilemba na soksi. Nimekaa hapa miaka, na yeye namjua kwa sauti ya viatu vyake tu.

Nikaipindua droo kwenye mkeka chumbani, mama akinisimamia kwa macho. Niling'oa misumari ya nyuma iliyooza kwa kutu, nikauvuta ubao kwenye kijimfereji chake. Ulitoka kwa shida, umepinda, na matundu ya baba yamejipanga vile vile. Na kwenye mwanya wa pembeni kulikuwa na kitu cha kijivu kimegandana. Nilikichokonoa kwa kisu. Ilikuwa pamba yake. Nikainusa, nikijua fika haiwezi kuwa na harufu ya mafuta baada ya muda wote huo, na haikuwa nayo. Nikaiweka mfukoni.

Geti letu ni la mabati, upepo ukilipiga linalia. Lilipolia mama aliuliza nani amekuja. Nikamwambia upepo. Likalia tena, akauliza tena. Nikamwambia tena ni upepo, mama, hakuna mtu. Nilianza kuhofia kwamba kiharusi sasa kimemfika akilini, na nakiri nilimjibu kwa ukali kidogo, kwa sababu magoti yalikuwa yananiuma na nilikuwa na kazi za wanafunzi za kusahihisha. Aligeuza macho tu kwenye dirisha.

Ilibidi niende dukani kutafuta gundi ya mbao, misumari midogo na fito mbili za kukingama chini ya ubao, maana pasi lazima irudi. Nilishajaribu kumshawishi mama iondoke, tuna pasi ya umeme, akaniuliza kama nina hakika umeme hautakatika siku hiyo. Nikaenda. Jua lilikuwa limeshapanda, barabara ya Musoma ina vumbi na honi, mwenye duka akaniuliza kama nimekuwa fundi siku hizi. Nikarudi nimebeba fito begani, kichwani nawaza chakula cha mchana.

Nikasukuma geti. Upepo ulikuwa umezijaza zile nguo. Gauni lilikuwa limesimama, mikono imejaa, kola imenyooka, na chini yake soksi mbili zimening'inia. Nilikuwa nimezianika mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, asubuhi ile ile. Nilijua mama yuko ndani, nimemwacha anakunywa maji. Lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa nimezitazama. Fito zikaanguka. Nikasikia yowe, na nikachelewa kidogo kutambua kwamba ni la kwangu. Nililia pale getini kama walivyolia wale akina mama wa mlimani, nililia uchovu wangu wote, uji wote na mashuka yote, nilimlilia mama yangu akiwa hai.

Geti liligonga nyuma yangu.

"Nani amekuja?" mama akauliza kutoka chumbani.

Ndipo nikaelewa alichokuwa anauliza tangu asubuhi. Akili yake ilikuwa nzima kabisa. Alikuwa ameagiza nguo zake zianikwe ili ajue nani atakuja.

"Ni mimi, mama."

Nikafuta uso kwa upindo wa gauni langu.

"Umeziona?"

"Nimeziona."

"Haya, ingia," akasema. "Aliyekuja kulia haondoki bila kula."

Tulikula ugali wa jana uliopashwa moto na dagaa wenye nyanya, yeye kitandani, mimi mkekani kando ya droo iliyopinduliwa. Akaniuliza kama kola imefanya manjano, nikasema kidogo. Kilemba kifungweje, nikauliza. Akasema mbele. Nikambishia kidogo kwamba kwa uso wake nyuma kutampendeza zaidi, na nadhani alifurahi, kwa sababu alinitukana kwa Kisukuma na kuomba chai.

Mchana ule niliumaliza kwenye droo. Nilisafisha kijimfereji, nikaugeuza ubao wa baba ili lile tumbo litazame juu, nikapaka gundi, nikaurudisha, nikapigilia misumari na fito mbili chini yake. Vidole viwili nilivigonga. Nikauwekea mawe juu mpaka gundi ikashika. Matundu sikuyaziba. Ile pamba niliirudisha kwenye mwanya wake, ingawa haizuii chochote. Nguo nilizianua na kuzikunja mwenyewe, nikiangalia kila mshono, nikaweka soksi juu, na juu ya soksi pasi. Nikaisukuma droo kwa mguu. Ikaingia yote.

Nguo zangu mimi sijazichagua. Watoto wangu wako mbali, wanapiga simu, wanasema mama pumzika. Pale ghorofani sijui ningemwita nani aje azishike na kubishania kilemba. Ninawaza kwamba labda nitabisha hodi siku moja, nikipata nguvu.

Mama halali tena akilitazama kabati. Tangu Jumamosi ile huniomba nimgeuzie ukutani, na analala vizuri, kuliko miezi yote aliyokaa hapa. Kabati sasa ninalitazama mimi.